Kumfufua Mhusika Katika Dungeons & Dragons: Mwongozo Kamili wa Almasi, Muda na Roho

Ufufuo katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, huandaliwa watu wangali hai. Kikundi kinachoanza kuulizana nani ana almasi wakati mwenzao ameshakata roho, mara nyingi kimechelewa: almasi imeachwa mjini, kuhani hakuuandaa uganga wake asubuhi, maiti iko miguuni pa joka, na dakika inayoyoma. Inauma kumpoteza mhusika aliyelelewa kwa miezi mingi, na inauma zaidi kugundua kwamba kila kitu cha kumrudisha kilikuwa ndani ya uwezo wa kikundi tangu kikao kilichopita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua zilizomo humu hufanywa kabla ya kifo chochote.

Nafuata kanuni za toleo la 5 kama zilivyochapishwa mwaka 2014. Toleo la 2024 limegusa baadhi ya mambo haya, kwa hiyo meza (kikundi cha wachezaji) inayolitumia isome upya maelezo ya kila uganga kabla ya kuanza. Msingi wa kanuni za 2014 uliachiwa bure kwa leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na uganga wote ninaoutaja hapa umo ndani yake. Kikundi kisicho na uwezo wa kuagiza vitabu kutoka ng'ambo kinaweza kuupakua na kucheza bila kuvunja sheria.

Neno moja la istilahi ili tusichanganyane: nikisema daraja, namaanisha daraja la mhusika (kiwango cha uzoefu wake), nikisema ngazi, namaanisha ngazi ya uganga (ukubwa wa nguvu zake). Kuhani wa daraja la 5 ndiye anayeanza kutumia uganga wa ngazi ya 3.

Hatua ya 1: Jueni mlango upi uko wazi kwenu

Kuna njia kuu tano za kumrudisha aliyekufa, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni Revivify, ngazi ya 3. Inachukua tendo moja tu la mapigano, inahitaji almasi za thamani ya sarafu 300 za dhahabu, na inamgusa aliyekufa ndani ya dakika moja iliyopita. Anarudi na pointi 1 ya uhai. Kuhani huipata akifika daraja la 5. Paladini, yaani shujaa aliyekula kiapo kitakatifu, huisubiri hadi daraja la 9. Hii ndiyo inayookoa watu wengi kuliko nyingine zote, na kikundi chenye kuhani wa daraja la 5 kisichokuwa nayo kinajidhulumu.

Raise Dead ni ngazi ya 5. Inafanywa kwa saa nzima, inakula almasi moja ya angalau sarafu 500, na mpaka wake ni siku 10 tangu kifo. Kuhani na manju (mwimbaji mwenye uganga) huweza kuitumia wakiwa daraja la 9, paladini akiwa la 17. Maiti lazima iwe na viungo vinavyobeba uhai. Aliyekatwa kichwa harudi kwa njia hii. Uganga unashindwa papo hapo. Aliyepoteza mkono anarudi, lakini bila mkono.

Reincarnate ni ya druidi (mganga wa maumbile), ngazi ya 5 pia, na haina almasi kabisa: inatumia mafuta na marhamu adimu ya sarafu 1,000. Mpaka ni siku zile zile 10, lakini kipande tu cha maiti kinatosha, kwa sababu uganga unaumba mwili mpya wa mtu mzima na kuiita roho iingie humo. Mwili huo wa jamii gani? Dadu ya asilimia ndiyo inayoamua. Mbilikimo wenu anaweza kuamka akiwa elf, jamii ya watu wa ngano wenye masikio yaliyochongoka. Anakumbuka maisha yake ya zamani, naye harudi na udhaifu ule unaoletwa na Raise Dead. Kikundi chenye druidi kisidharau njia hii. Kwa aliyekatwa kichwa, huenda ndiyo pekee mnayoimudu.

Resurrection, ngazi ya 7, inataka almasi ya sarafu 1,000 na saa moja. Inamfikia aliyekufa hadi miaka 100 iliyopita, inarudisha viungo vilivyopotea, na anaamka na uhai wake wote. Kwa maiti iliyotimiza mwaka au zaidi, anayefufua ndiye anayeumia: hawezi kutumia uganga mwingine mpaka apate mapumziko marefu (kama kulala usiku mzima), na hadi hapo kila dadu anayorusha kwa shambulio, kwa kujiokoa (kukwepa madhara) au kwa kujaribu uwezo wake anairusha mara mbili na kuchukua iliyo mbaya.

Ya mwisho ni True Resurrection, ngazi ya 9: maji matakatifu kidogo na almasi za sarafu 25,000. Miaka 200. Inaponya magonjwa yote, inaondoa laana, inamrudisha hata aliyegeuzwa msukule, na kama mwili haupo tena inaumba mwingine, mradi jina la marehemu litajwe. Aliyegeuzwa vumbi na Disintegrate hana njia nyingine isipokuwa hii au Wish, uganga wa kutimiza matakwa.

Zote tano zina ukuta mmoja: roho isiyotaka kurudi hairudishwi. Aliyekufa kwa uzee naye amekwenda. Revivify, Resurrection na True Resurrection zinasema hivyo waziwazi, na meza nyingi huchukulia hivyo hivyo kwa zilizobaki.

Hatua ya 2: Nunueni almasi kabla ya upanga

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba sarafu 300 mfukoni ni sawa na almasi za sarafu 300. Si sawa. Uganga unakula kito chenyewe, na katikati ya pango hakuna sonara. Tena mfuko wa vifaa vya uganga au alama takatifu ya kuhani haviwezi kuchukua nafasi ya kifaa chenye bei iliyotajwa. Lazima almasi iwepo, na iwe kwa anayefufua.

Gharama yake ni kubwa kuliko wachezaji wanavyohisi, kwa sababu mashujaa huzoea kuokota dhahabu kwenye hazina. Katika kanuni za 2014 fundi wa kukodi hulipwa sarafu 2 za dhahabu kwa siku, na kibarua asiye na ujuzi hulipwa sarafu 2 za fedha. Almasi moja ya Raise Dead ni mshahara wa fundi kwa siku 250. Kwa kibarua ni siku 2,500, karibu miaka saba ya jasho bila kula. Na kwa kuwa sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, dhahabu ya kununulia almasi za True Resurrection ina uzito wa ratili 500, yaani takribani kilo 227. Mkielewa hesabu hiyo mtaelewa pia kwa nini wanakijiji wanaowazunguka huzika watu wao na kulia, wakati ninyi mnajadili kufufua. Mchezaji mwenye moyo atalikumbuka hilo anapozungumza na mjane wa kijiji.

Someni maneno ya kila uganga kwa makini. Revivify inasema almasi, kwa wingi, hivyo vipande kadhaa vikifikia 300 vinatosha. Raise Dead inataka almasi moja yenye thamani isiyopungua 500. Hapa kuna mtego: katika orodha ya vito ya kitabu cha msimamizi (anayeongoza mchezo), almasi imewekwa kwenye kundi la vito vya sarafu 5,000. Mkiipata moja ya namna hiyo na kuitumia kwa Raise Dead, inateketea nzima, hakuna chenji. Kwa kuwa vito hubaki na thamani yake kamili sokoni, mwombeni msimamizi awaruhusu kuibadilisha mjini. Mgao ninaoupenda kwa kito kimoja cha 5,000 ni almasi mbili za 1,000, nne za 500, na seti tatu za 300. Inabaki sarafu 100 ya kumlipa sonara na kula vizuri usiku huo.

Kisha gawanyeni. Kuhani asibebe zote, kwa sababu kuhani naye hufa, na adui mwenye akili humwanza yeye. Seti moja ya Revivify ikae kwa kuhani na nyingine kwa paladini, na ya akiba ishikwe na yule anayebaki nyuma siku zote. Andikeni kwenye karatasi za wahusika nani ana nini. Ubishi wa "nilidhani wewe unazo" hutokea wakati ambao hakuna nafasi ya kubishana.

Kama mna fedha za ziada, tafuteni hati ya uganga ya Revivify. Anayeisoma hahitaji almasi. Sharti ni kwamba uganga huo uwe kwenye orodha ya aina yake ya mhusika, na kama ngazi yake bado hajaifikia atarusha dadu kujaribu, kwa kipimo cha 10 kujumlisha ngazi ya uganga; yaani 13 kwa Revivify.

Hatua ya 3: Kila mmoja aandike wasia

Hatua hii haina gharama na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kila mchezaji aandike wasia mfupi wa mhusika wake, aukabidhi kwa msimamizi. Ajibu haya: akifa, anataka kurudishwa? Na nani? Yuko radhi kuingia mwili mwingine kwa Reincarnate? Vitu vyake viende kwa nani? Azikwe wapi?

Swali la "na nani" lina uzito wa kikanuni. Kwa mujibu wa kitabu cha msimamizi, roho inayoitwa hulijua jina la anayeiita, mwelekeo wake wa wema au uovu, na mungu anayemtumikia kama yupo. Inaweza kukataa kwa sababu hiyo tu. Paladini aliyeapa kupambana na giza hatakubali kuvutwa na kuhani wa mungu wa giza, hata kama kuhani huyo ndiye pekee aliyepatikana mjini. Ni afadhali mkijua mapema kuliko kuteketeza almasi kwa jambo ambalo mwenyewe angelikataa.

Msidhani mtamuuliza baadaye kwa Speak with Dead. Uganga huo hauiiti roho; unaipa maiti uhai wa kukumbuka tu, hujibu maswali matano kwa yale aliyoyajua akiwa hai, na haujui lolote jipya. Hauwezi kuwaambia roho iko wapi wala inataka nini sasa.

Na uamuzi ni wa mchezaji, si wa kikundi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu upendo wa kikundi huweza kugeuka shinikizo. Mchezaji akiona hadithi ya mhusika wake imefika mwisho mzuri, aheshimiwe. Kuna wengine ambao imani yao haiwapi raha kuigiza ufufuo, hata mezani. Wengine wametoka msibani majuzi, na tukio la kumwita marehemu arudi likawagusa pasipo kutarajiwa. Msimamizi azungumze na watu wake kabla ya kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) kuanza, na mtu akisema jambo hili liachwe, liachwe.

Hatua ya 4: Mzuieni asife

Mtu aliyefikia sifuri ya uhai hajafa. Kila zamu yake hurusha dadu yenye pande 20: 10 au zaidi ni heri, chini ya hapo ni shari. Heri tatu, ametulia. Shari tatu, amekufa. Akipata 1 huhesabiwa shari mbili; akipata 20 anaamka na pointi 1. Akipigwa akiwa chini anaongezewa shari moja, na pigo la hatari (lenye madhara kuliko la kawaida) linaongeza mbili. Adui akiwa karibu yake kabisa, kila pigo linalompata mtu aliyezimia ni pigo la hatari. Maana yake mapigo mawili ya karibu yanammaliza.

Kwa hiyo Healing Word ya ngazi ya 1, inayofika umbali wa futi 60 kwa tendo dogo la ziada, ina thamani kuliko almasi yoyote. Spare the Dying, inayomtuliza anayekufa, haina gharama hata ya nafasi ya uganga (nafasi chache za kufanya uganga kabla ya kupumzika). Tumieni hizi kwanza.

Kuna kifo kimoja kisichotoa nafasi hiyo. Pigo likimshusha mtu hadi sifuri, na mabaki ya pigo yakafikia upeo wake wa uhai, anakufa palepale. Mwenye upeo wa 30 aliyebakiwa na 8 akipigwa 38, hakuna dadu ya kurusha.

Hatua ya 5: Dakika ya kwanza

Ameshakufa. Sasa kuna raundi 10, kwa sababu raundi moja ni sekunde 6. Weka dadu mezani ikionyesha 10 na uipunguze kila raundi, watu wote waione.

Dakika ni ndefu kuliko inavyoonekana. Silika ya kuhani ni kukimbilia maiti mara moja, lakini Revivify inamrudisha mtu na pointi 1 ya uhai, amelala chini, mbele ya kile kile kilichomuua. Kama hatari bado ipo, anakufa mara ya pili na almasi zimekwenda. Ninavyoona mimi, mpango bora ni huu: mmoja avute maiti pembeni, wengine wamalize au wazuie adui, na kuhani ajongee ifikapo raundi ya sita au ya saba. Msisubiri ya kumi. Kuhani akiangushwa katika raundi ya tisa, hakuna wa kumrudisha yeyote.

Maiti isogezwe mapema hata kama hamjui bado mtafanya nini. Ikianguka kwenye lava, ikamezwa, au ikabebwa na adui anayejua thamani yake, mmepoteza njia zote za bei nafuu kwa mpigo.

Je, almasi hazipo au nafasi ya ngazi ya 3 imekwisha? Hapo ndipo Gentle Repose inapoingia. Ni ngazi ya 2, kuhani na mchawi wote wanaweza kuwa nayo, na inahitaji chumvi kidogo na sarafu ya shaba juu ya kila jicho la marehemu, zibaki pale muda wote. Kwa siku 10 maiti haiozi, haiwezi kufanywa msukule, na siku hizo hazihesabiwi kwenye mpaka wa uganga wa kufufua. Ikifanywa ndani ya ile dakika moja, kwa tendo moja na nafasi ya uganga, mlango wa Revivify unabaki wazi: mnaweza kulala, kuhani akaandaa uganga wake upya, na asubuhi akamrudisha mwenzenu kwa almasi za 300 badala ya 500. Msiifanye kwa njia ya ibada siku hiyo ya kwanza, kwa kuwa ibada huongeza dakika 10 na dakika yenu moja itakuwa imepita. Kuanzia siku za mbele, ibada ni sawa, mradi ya pili ifanywe kabla ya ya kwanza kuisha.

Ningeshauri kila kuhani wa daraja la 3 na kuendelea aibebe Gentle Repose. Wachezaji huipuuza kwa sababu haimpigi mtu.

Hatua ya 6: Siku kumi

Dakika imepita na hamkuwahi. Vueni silaha na deraya mwilini mwa marehemu kwanza: deraya nzito ya bamba ina ratili 65 peke yake, na mwenye nguvu 10 anaweza kubeba jumla ya ratili 150 tu. Nyumbu anagharimu sarafu 8 na anabeba ratili 420. Mnunueni.

Kwa mwendo wa kawaida kikundi hutembea maili 24 kwa siku, kama kilomita 39. Siku 10 ni maili 240. Chora duara la umbali huo kwenye ramani: kuhani wa daraja la 9 aliye nje ya duara hatawafaa bila Gentle Repose. Ni vyema kujua miji yenye mahekalu makubwa kabla ya safari, na kujenga urafiki na mahekalu hayo mapema. Kanuni haziweki bei maalumu ya kumlipa kuhani wa namna hiyo. Kwa uganga mkubwa huenda akataka kazi badala ya fedha. Kikundi kilichowahi kulilinda hekalu hilo, au kuchangia yatima wake, hupokelewa tofauti na kikundi cha wageni wenye damu nguoni na maiti juu ya nyumbu.

Angalieni pia kilichomuua. Aliyefyonzwa uhai na waiti (wight, maiti mwovu anayetembea) huinuka baada ya saa 24 akiwa msukule wa waiti huyo, asipofufuliwa au mwili wake usipoharibiwa. Aliyeuawa kwa kung'atwa na mnyonya damu msimzike: ni kuzikwa ndiko kunakomwinua usiku unaofuata. Na Raise Dead haimrudishi mtu ambaye ameshakuwa msukule.

Hatua ya 7: Saa ya ufufuo

Raise Dead huchukua saa nzima ya kutulia. Anayefufua hutumia tendo lake kila zamu na hawezi kukengeuka. Umakini wake ukivunjika uganga unashindwa, ingawa nafasi ya uganga haipotei. Chagueni mahali penye mlango mmoja, wekeni walinzi, na wanaolinda wasiwe wale waliojeruhiwa.

Kabla hajaanza, ondoeni laana. Raise Dead inafuta sumu na kuponya magonjwa ya kawaida, ila laana na magonjwa ya kichawi hubaki na kumwandama anaporudi. Remove Curse ni ngazi ya 3. Vilevile, kama roho imefungwa mahali, mathalani mikononi mwa adui aliyeiteka, itabidi ikombolewe kwanza. Roho isiyo huru haisikii mwito.

Mezani, msiipitishe saa hii kwa sentensi moja. Kila mchezaji aseme mhusika wake anafanya nini: anashika mkono wa maiti, anasali, anakaa nje kwa sababu hawezi kutazama. Halafu msimamizi amgeukie mwenye mhusika, amweleze kwa faragha kama wanapenda, roho yake iko wapi na nani anamwita, na amwache ajibu mwenyewe.

Hatua ya 8: Siku nne za kwanza za uhai mpya

Aliyerudi kwa Raise Dead au Resurrection anapungukiwa na 4 katika kila dadu ya shambulio, ya kujiokoa na ya uwezo. Kwenye dadu ya pande 20 hiyo ni sehemu moja ya tano ya nafasi zake zote. Kila mapumziko marefu huondoa 1, na mapumziko marefu hayawi zaidi ya mara moja kwa saa 24, hivyo ni siku nne kamili. Na wa Raise Dead ana pointi 1 tu ya uhai, basi atibiwe papo hapo. Msimpeleke vitani. Siku hizo nne zitumieni mjini: nunueni almasi ya kuziba pengo, zungumzeni na hekalu kuhusu deni, mpeni mchezaji nafasi ya kuonyesha mhusika wake amebadilika vipi.

Kwa msimamizi

Hofu ya wasimamizi wengi ni kwamba kifo kitapoteza uzito. Dawa si kuzuia ufufuo kimyakimya, kwani hapo wachezaji wataona wameibiwa. Amua mapema almasi zinapatikana kiasi gani, na uwaambie. Mji mdogo unaweza kuwa na seti moja ya 300 tu. Bandari kubwa ina zaidi, lakini mfalme naye anazinunua. Uhaba wa almasi peke yake hufanya kazi kubwa.

Ukitaka uzito zaidi, historia ya mchezo ina mengi. Katika matoleo ya zamani kila kurudi kulipunguza pointi moja ya afya ya mwili milele, na mtu alirusha dadu kuona kama mwili wake utastahimili. Toleo la 3 la mwaka 2000 lilimtoza aliyefufuliwa daraja zima. Marekebisho ya 2003 yalipandisha almasi ya Raise Dead hadi sarafu 5,000. Mimi ningechagua kile cha kwanza, kupungua kwa afya ya mwili, kwa kuwa kinamwacha mhusika na alama isiyofutika bila kumtupa nyuma ya wenzake.

Akikataa kurudi

Roho ikikataa, msimamizi mwema husema hivyo kabla almasi haijateketea, kwa kuwa mchezaji aliyeamua kwa heshima hapaswi kuwagharimu wenzake sarafu 500. Fungueni wasia, gawanyeni vitu kama ulivyoagiza, mzikeni alipotaka. Mchezaji aanze mhusika mpya kwa daraja lile lile walilo nalo wenzake, aingie mapema katika kikao kinachofuata, na almasi irudi mfukoni mwa yule anayebaki nyuma.